Pedali za Umeme Zikigoma Kusogea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wenye magari ya Kimarekani ambayo pedali zake husogezwa kwa swichi. Wengi huwa wameshaambiwa "mota imekufa" kabla mtu hajashika hata multimita ya kupimia umeme. Mota hufa kweli, lakini mara nyingi lawama inaiangukia bure: tatizo liko kwenye swichi, soketi, waya au kebo.

## Mambo ya kuanzia

1. Pedali za umeme zinafanyaje kazi?

Chini ya dashibodi, juu ya pedali, kuna mota ndogo ya volti 12. Mota hiyo inazungusha kebo inayopindika, ya aina ile iliyokuwa ikiendesha spidomita za zamani. Kebo inazungusha parafujo ndefu iliyopo kwenye kila pedali, na parafujo ndiyo inayoivuta pedali kuelekea kwa dereva au kuisukuma mbele. Mwendo wote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ni kama sentimita saba kwenye magari mengi.

Kinachosogea ni breki na mafuta kwa pamoja. Ziliwekwa ili dereva mfupi afikie pedali bila kusogeza kiti hadi kifua kiguse usukani. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inashauri dereva akae walau sentimita 25 kutoka kwenye eabegi (mfuko wa hewa) ya usukani, na mtu wa futi tano hawezi kutimiza hilo kirahisi ndani ya gari kubwa lenye pedali zisizosogea.

2. Nitajuaje kama gari langu linazo?

Tafuta swichi yenye mchoro wa pedali na mishale miwili. Huwa karibu na usukani, kwenye dashibodi upande wa dereva, au pembeni mwa kiti, kutegemea gari. Magari yaliyowahi kuuzwa nazo ni pamoja na Ford Expedition, Ford F-150, Lincoln Navigator, Dodge Ram, Jeep Grand Cherokee, Chevrolet Tahoe, Chevrolet Suburban na Nissan Armada. Si kila gari la jina hilo linazo, kwani kwa kawaida zilikuwa za kulipia zaidi. Kama swichi haipo na mahali pake pamezibwa na kifuniko cha plastiki, gari lako huenda halikuwahi kuwa nazo, hivyo usihangaike kutafuta hitilafu.

3. Zikigoma, naweza kuendelea kuendesha?

Ikiwa zote mbili zimegoma pamoja, mahali unapozifikia vizuri, gari linaendeshwa kama kawaida. Breki hazijapungua nguvu, kwa sababu mota haihusiki na kukanyaga.

Ikiwa pedali moja imesogea na nyingine imebaki, usiendeshe. Kiwandani kuna tofauti maalumu ya kimo kati ya breki na mafuta, ili mguu ukihama kutoka mafuta kwenda breki usijikwae wala usikanyage zote mbili kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo ikivurugika, mguu uliozoea utakudanganya siku ya dharura. Gari livutwe, au ulitengeneze hapo lilipo kwa kufuata swali la 12.

## Kabla hujafungua kitu

4. Kwa nini zinagoma nikiwa kwenye rivasi, au kwenye safari ndefu?

Hapo hakuna ubovu. Magari mengi yenye mfumo huu yanazuia pedali kusogea gia ikiwa R (rivasi), au kruzi kontroli, yaani mfumo unaoshikilia mwendo bila kukanyaga mafuta, ikiwa inafanya kazi. Baadhi yanaandika ujumbe kwenye dashibodi, mengine yananyamaza tu na kumwacha mwenye gari akikimbilia kwa fundi. Weka gia P (ya kuegesha), zima kruzi, jaribu tena. Kwa vyovyote, urekebishaji ufanyike gari likiwa limesimama.

Kama zinagoma hata kwenye P, angalia nyuma ya gari. Taa za rivasi zikiwaka wakati gia iko P, basi gari "linaamini" liko rivasi, na pedali zinatii imani hiyo. Shida itakuwa kwenye sensa ya gia au waya wa rivasi, wala si kwenye pedali. Swali la 21 linaeleza namna nyingine ya jambo hilohilo.

5. Nianze kupima wapi?

Anza na masikio. Zima redio na feni, funga milango, bonyeza swichi na usikilize chini ya dashibodi. Mlio wa mota inayozunguka, wakati pedali zimetulia, unaelekeza kwenye kebo au parafujo (swali la 12). "Tik" moja tu bila mzunguko maana yake rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inaitika lakini umeme haufiki, au mota imekwama. Kimya kabisa maana yake umeme haujaanza hata safari, kwa hiyo nenda swali la 8. Fundi anayefungua dashibodi kabla ya kusikiliza anajitafutia kazi.

Kisha pima betri. Iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kwanza. Betri dhaifu inazaa dalili za ajabu kwenye kontroli boksi (kompyuta ndogo inayoongoza pedali), na utapoteza saa nzima ukifukuza kitu ambacho hakipo.

6. Nahitaji vifaa gani?

Multimita ya kawaida, testa ya balbu, waya wa majaribio wenye fyuzi, tochi ya kichwani na mto wa kulalia, kwa sababu utajikunja chini ya usukani. Mchoro wa nyaya wa gari lako hasa, kwa mwaka wake, unaokoa muda kuliko kifaa chochote. Rangi za nyaya hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usiamini rangi ulizoambiwa na mtu mwenye gari linalofanana na lako.

Testa iwe ya balbu ya nyuzi, si ya LED. Balbu inavuta umeme na kuonyesha kama waya una nguvu. LED inawaka hata kwa waya uliobaki na uzi mmoja, kisha inakuaminisha kuwa mambo ni mazuri.

7. Kuna hatari gani kufanya kazi chini ya usukani?

Eabegi. Nyaya na soketi za rangi ya njano usiziguse, usizichome kwa testa, wala usizipime kwa multimita. Kabla ya kufungua soketi yoyote karibu na usukani, vua terminali hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe. Utakapoirudisha ili upime, hakikisha hakuna soketi ya njano uliyoiacha wazi, na mikono yako iwe mbali na parafujo: pedali zikianza kusogea hazibagui kidole.

## Hazisogei kabisa

8. Fyuzi ni nzima, lakini kimya. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha kweli ni nzima. Usiitazame tu kwa jicho. Ikiwa mahali pake, gusa kwa testa vichwa vyake vyote viwili vya juu, swichi ya gari ikiwa ON. Testa iwake pande zote mbili. Ikiwaka upande mmoja, fyuzi imekatika. Isipowaka popote, umeme haufiki kwenye fyuzi yenyewe. Soma mchoro wa kifuniko cha boksi la fyuzi kwa makini, maana kwenye magari mengine pedali hazina fyuzi yake peke yake, zinashiriki na kiti cha umeme au kitu kingine. Kiti nacho kikiwa kimekufa, umeshapata fununu.

Hatua inayofuata ni soketi ya mota, kwa sababu hapo ndipo unaugawa mfumo nusu kwa nusu. Ivue, weka testa kati ya nyaya mbili za mota, na mwenzako abonyeze swichi mbele, kisha nyuma. Testa ikiwaka vizuri pande zote, umeme na swichi ni vizima na tatizo liko kwenye mota au mbele yake. Ikiwaka kwa unyonge, kuna upinzani njiani: nenda swali la 11. Isipowaka, rudi nyuma kwenye swichi.

Kwenye swichi utakuta waya wa umeme, waya wa hasi, na nyaya mbili za kwenda kwenye mota. Katika mifumo mingi isiyo na kumbukumbu (ya kuhifadhi mkao wa kila dereva), swichi ikiwa haijaguswa, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na hasi. Ukibonyeza mbele, mmoja unapata chanya na mwingine unabaki hasi. Ukibonyeza nyuma, zinabadilishana. Ndiyo maana hasi iliyolegea inaua pande zote mbili kwa mpigo, ingawa umeme wa chanya upo na testa inauona. Fundi aliyezoea kutafuta chanya tu atazunguka hapo hadi jioni.

9. Kila nikiweka fyuzi mpya inaungua. Niweke kubwa zaidi?

Hapana. Fyuzi kubwa inaacha waya uungue badala yake, na waya huo unapita ndani ya dashibodi.

Vua fyuzi, na mahali pake unganisha balbu ya wati 21, ile ya taa ya breki. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Sasa vua soketi ya mota. Balbu ikizimika, shoti iko kwenye mota. Ikiendelea kuwaka, tikisa nyaya polepole kuanzia pedali hadi swichi, huku mwenzako akitazama balbu. Mahali ambapo balbu inapepesa ndipo waya ulipochubuka. Chunguza zaidi sehemu inayojikunja kila pedali inaposogea, na mahali nyaya zinapogusa chuma cha kushikilia usukani.

Ikiwa fyuzi inaungua pale tu unapobonyeza swichi, na nyaya ni safi, mota imekwama au parafujo imekauka.

10. Zinakuja kwa dereva lakini hazirudi. Mota imekufa nusu?

Mota haifi nusu kwa namna hiyo. Ni mota ileile na nyaya zilezile kwa pande zote mbili, kilichobadilika ni mwelekeo wa umeme. Ikizunguka upande mmoja kwa nguvu, mtuhumiwa wa kwanza ni mguso mmoja ndani ya swichi, au rilei moja kwenye magari yanayotumia rilei mbili. Pima kama swali la 8. Testa ikiwaka upande mmoja tu, badili swichi na uache mota ipumzike.

Testa ikiwaka pande zote mbili, basi kuna kitu kinachozuia. Inua kapeti kwanza. Kapeti mbili zilizopandana, au chupa ya maji iliyoviringika nyuma ya pedali, zimewahi kuonekana kama ubovu wa umeme. Kwenye gari lenye kumbukumbu, soma pia swali la 15.

11. Mita inasoma volti 12 kwenye soketi ya mota, lakini mota haizunguki. Ni mota?

Bado hujui. Volti 12 bila mzigo hazithibitishi chochote. Waya wenye kutu uliobakiwa na uzi mmoja utasoma 12 bila aibu, kisha utaanguka hadi 3 mota ikianza kuvuta.

Pima soketi ikiwa imeunganishwa, kwa kuingiza pini ya mita kwa nyuma, huku mwenzako akibonyeza swichi. Kisha pima upotevu kila upande. Weka pini moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya wa mota. Mota ikivuta umeme, usomaji usizidi takriban nusu volti. Fanya hivyo kwa hasi pia, kutoka terminali hasi ya betri hadi waya wa hasi wa mota, hapo 0.2 inatosha kukutilia shaka. Upande wenye namba kubwa ndio wenye ugonjwa. Fuata soketi moja moja hadi upotevu utoweke.

Kama mota inapata karibu volti 12 huku swichi imebonyezwa na bado imetulia, sasa unaweza kuishutumu. Hakikisha kwa kuivua soketi na kuipa umeme moja kwa moja kwa waya wenye fyuzi. Soketi lazima iwe imevuliwa, la sivyo unaweza kusukuma umeme kinyume ndani ya kontroli boksi na kununua kitu cha bei kuliko pedali zote.

## Zinasogea, lakini vibaya

12. Mota inalia ila pedali hazisogei, au inasogea moja tu.

Hilo si la umeme tena. Kebo imechomoka kwenye mota au kwenye parafujo, au ncha yake imelika mviringo na inateleza. Mara nyingine meno ya plastiki ndani ya gia ya mota yamekwisha. Kuchomoka kunatengenezeka, kulika kunahitaji kebo mpya.

Kabla ya kuirudisha kebo, rudisha pedali kwenye uwiano wake. Kwa kawaida kila parafujo hupelekwa hadi mwisho wake wa mbele kabisa, ile ya mafuta na ile ya breki, ndipo kebo inaunganishwa. Utaratibu kamili hutofautiana kwa gari, usome kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo. Ukiunganisha kebo huku pedali zimepishana, zitasogea pamoja vizuri sana, zikiwa zimepishana vilevile. Hatari ya jambo hilo iko swali la 3.

13. Zinafanya kazi, zinazimika ghafla, baada ya muda zinarudi.

Mota nyingi, au saketi zake, zina kinga ya joto inayokata umeme ikizidiwa na kuurudisha ikipoa. Anayeichezea swichi mbele na nyuma mara nyingi mfululizo akionyesha fundi tatizo anaweza kulitengeneza tatizo hilo mwenyewe. Iache ipoe, kisha uijaribu mara moja.

Ikizimika hata kwa matumizi ya kawaida, kitu kinaifanya mota ivute kupita kiasi: grisi iliyokauka au mchanga kwenye parafujo. Safisha, paka grisi nyepesi, pima tena. Ikizimika gari likipita kwenye matuta, acha mambo ya joto na utafute soketi iliyolegea.

14. Zinasogea polepole kama zimechoka.

Pima upotevu wa volti kwa swali la 11, na betri kwa swali la 5. Vyote vikiwa sawa, ni grisi.

## Kumbukumbu na kompyuta

15. Zinasogea kidogo kisha zinasimama.

Magari yenye kumbukumbu ya kiti huwa na sensa inayomwambia kontroli boksi pedali ziko wapi. Boksi likiituma mota na kutoona mabadiliko, linadhani pedali zimegonga kitu, linakata umeme. Hivyo mota nzima na nyaya nzima zinaweza kuzuiwa na sensa mbovu.

Sensa hiyo kwa kawaida ina nyaya tatu: volti 5, hasi, na ishara. Pima waya wa ishara huku pedali zikisogea. Namba ipande au ishuke taratibu bila kuruka. Ikiruka hadi sifuri au 5 mahali fulani, sensa imelika hapo. Ikikosa zile volti 5 za kuanzia, usiilaumu sensa. Tazama waya na boksi.

16. Pedali zinasogea zenyewe nikifungua mlango. Gari lina pepo?

Rimoti namba 1 na namba 2 zinaweza kuunganishwa na kumbukumbu za madereva wawili. Ukifungua gari kwa rimoti ya mwenzako, kiti, vioo na pedali zinakwenda alikoziacha yeye. Futa au panga upya kwa kitabu cha gari. Betri ikivuliwa, baadhi ya magari yanasahau kila kitu na yanahitaji kupangwa upya.

17. Tangu pedali zianze kusumbua, taa ya injini imewaka na gari halichanganyi.

Hii ichukulie kwa uzito kuliko pedali kugoma. Kwenye magari ambayo mafuta hayavutwi kwa waya wa chuma, pedali ina sensa zake zinazosogea nayo, na nyaya zake hujikunja kila unapobonyeza swichi. Nyaya zikichoka, kompyuta inapunguza nguvu ya injini ili kukulinda.

Kompyuta ikitoa msimbo wa hitilafu P2138, sensa mbili za pedali hazikubaliani. P2122 na P2127 zinaeleza ishara iliyoshuka chini mno. Kabla ya kununua pedali nzima, washa swichi bila kuwasha injini, tazama namba za sensa kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), na usogeze pedali mbele na nyuma bila kuikanyaga mafuta. Namba zikirukaruka, waya umekatikia ndani ya ganda lake. Uunge kwa kulehemu na mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kufunga tepu kwenye waya unaojikunja hakudumu.

18. Baada ya kutengeneza, taa za breki hazizimi.

Swichi ya taa za breki imesogezwa au haikurudishwa vizuri. Kwenye magari mengi swichi hii pia ndiyo inayoruhusu gia kutoka P na kuzima kruzi, kwa hiyo irekebishe kabla ya kuondoka gereji.

## Vipuri na visa vya pembeni

19. Nilinunua gari kutoka mnadani Marekani, kila soketi ina kutu ya kijani.

Inawezekana liliwahi kuzama. Magari ya mafuriko huuzwa minadani na mengi huvuka bahari. Inua kapeti, tafuta matope kwenye reli za viti na harufu ya ukungu. Ukikuta hayo, pedali ni mwanzo tu wa orodha, na kutengeneza soketi moja moja kutakuchosha kabla hazijaisha. Kama gari halijazama na kapeti imelowa upande wa dereva, kagua kioo cha mbele na mirija ya kutoa maji ya paa linalofunguka.

20. Naweza kununua pedali za gari jingine, au kuuacha mfumo ukiwa umekufa?

Za mitumba zinafaa ikiwa namba ya kipuri inalingana. Zenye kumbukumbu na zisizo na kumbukumbu zinafanana kwa macho lakini soketi hutofautiana. Za gari la usukani wa kushoto, kama yanayotembea Omani, Kongo au Rwanda, usitarajie zitaingia kwenye la usukani wa kulia la Kenya au Tanzania.

Kuuacha umekufa pia kunawezekana. Sogeza pedali mahali panapokufaa, hakikisha uwiano wa swali la 12 uko sawa, kisha vua soketi ya mota na uifunge isichezecheze. Parafujo za namna hii hazijirudishi kwa kukanyagwa. Kwa familia ya dereva mmoja, sioni ubaya.

21. Kila kitu kimepimwa ni kizima, gia iko P, bado hazisogei. Kimebaki nini?

Uliza kama gari limewekewa redio mpya yenye kamera ya nyuma, au soketi ya tela. Kazi hizo huunganishwa kwenye waya wa taa ya rivasi, na zikifanywa vibaya zinarudisha umeme kwenye waya huo hata gia ikiwa P. Umeme huo unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutowasha taa za nyuma lakini ukatosha kuidanganya kontroli boksi, ndiyo maana jaribio la swali la 4 halikuuona. Pima waya wa rivasi kwa multimita gia ikiwa P. Isome sifuri au karibu na hapo. Ikisoma volti kadhaa, tenganisha waya wa kamera, kisha ule wa tela, ukibonyeza swichi ya pedali baada ya kila mmoja.